Dishi la Mzee Nzivo

Mutunga akishaamua jambo huwa analitangaza akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani, ili asipate muda wa kuulizwa swali. Ndivyo alivyofanya asubuhi ile.

"Nenda kwa Sylvance pale barabarani ukachukue dishi la televisheni," alimwambia mkewe. "Lile kubwa, la stesheni za nje. Usidanganywe ukachukua lile dogo."

Kisha huyo, akaenda zake mjini, kwenye ofisi za kaunti alikokuwa karani.

Nthoki alibaki na bakuli la uji mkononi. Hakuhitaji kuelezwa sababu. Dishi dogo lilishika stesheni za hapa nchini, ikiwemo ile ya Kikamba, na stesheni ya Kikamba kila siku baada ya habari za mchana na za jioni husoma matangazo ya vifo. Na ndani ya nyumba hiyo yao ya mtaa wa Tena, Nairobi, alikuwamo mzee ambaye hakutakiwa kusikia matangazo ya vifo hata kwa mbali.

Mzee huyo ni Nzivo, baba yake Mutunga. Aliletwa kutoka Mwingi, huko Ukambani, kwa sababu ya moyo. Daktari alisema apasuliwe, awekewe kidude cha kuusaidia moyo upige sawasawa, na kwamba hadi siku hiyo asishtuliwe na jambo lolote. Wakiwa bado wanangoja tarehe, mtoto wake wa mwisho, Muoki, dereva wa lori, alipata ajali karibu na Mtito Andei na kufa papo hapo.

Watu wa ukoo walikaa kikao. Walikubaliana Muoki azikwe bila baba yake kujua. Mzee angeambiwa akishapona, na angeambiwa na wanaume wa ukoo, kwa utaratibu, akiwa amezungukwa na watu wake. Mke wa mtoto hana mdomo wa kupeleka habari kama hiyo kwa baba mkwe. Hilo hakuna aliyelitaja, kwa kuwa hakuna asiyelijua. Wiki ya mazishi Mutunga aliaga kwamba anakwenda semina Mombasa. Nthoki akaachwa kumlinda mzee. Muoki, shemeji yake aliyekuwa akimwita "mke wetu" na kumletea maembe kila akipita na lori, Nthoki alimlilia bafuni akiwa amefungua bomba, huku mzee akilalamika sebuleni kwamba maji yanamwagika bure.

Tangu hapo uongo uliingia nyumbani na kukaa kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Redio ndiyo iliyotangulia. Mzee alikuja na redio yake ndogo ya betri, Mutunga akasema imeharibika, akaipeleka kwa fundi, na huyo fundi mpaka leo eti anatafuta spea. Simu ikafuata njia hiyo hiyo. Muoki mwenyewe, aliyekuwa akimpigia baba yake kila Jumapili baada ya ibada, akawa amepeleka mzigo Kongo, huko kusikokuwa na mtandao. Televisheni ndiyo pekee ambayo haikuhitaji kudanganyiwa. Ghorofa mpya ya jirani ilikuwa imeziba antena yao, skrini ikabaki na vijisanduku vya rangi na sauti ya mtu anayekatwakatwa. Mutunga alikuwa amegombana na mwenye ghorofa hiyo hadi kwa chifu. Sasa alimsalimia kila asubuhi kwa bashasha.

Lakini mzee alikuwa akinyauka. Macho yake yalishapoteza nguvu, kwa hiyo aliishi kwa masikio, na hapo nyumbani masikio yake hayakuwa na kazi. Watoto wa Nthoki walikuwa shule za bweni. Mchana kutwa ilikuwa ni yeye, friji, na Nthoki anayefua. Akaanza kurudisha sahani ikiwa na chakula.

"Hapa nimewekwa stoo," alisema siku moja, bila hasira. "Nirudisheni kwangu nikafe nikisikia watu wakiongea."

Kliniki walimpima, muuguzi akamgombeza Nthoki mbele ya wagonjwa wote: mzee amepungua, na akiendelea hivyo hakuna mtu atakayethubutu kumpasua. Nthoki aliona aibu ya mtu anayeshtakiwa kwa kosa analolijua. Hapo ndipo Mutunga alipolegea na kusema basi, na watafute dishi, lile la kuweka mara moja na kusahau habari za malipo ya kila mwezi. Ila liwe kubwa, la stesheni za nje.

Kwa Sylvance madishi yalikuwa yamesimamishwa nje ya duka, yakiegemea ukuta, yote yakitazama barabara. Sylvance alikuwa kijana wa kutoka Siaya, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi.

"Niaje, mathe! Leo umeamua?"

"Nimetumwa dishi kubwa," Nthoki akasema.

"Hiyo big iko sawa, inashika za majuu. Waarabu, Wahindi, mpaka wale wa kuuza sufuria mchana na usiku. Hii ndogo inashika zetu za hapa, hata za vernac, Kikamba na kadhalika. Zote hulipi kitu ikifika end month." Akalipiga lile kubwa kofi mgongoni, likalia. "Lakini dish ni kuangalia upande moja tu. Nikigeuza kwa hizo za majuu, za home zinaenda. Nani ataangalia sana?"

"Baba mkwe. Haoni vizuri. Anasikiliza tu."

"Ni mzee wa Ukambani, si ndiyo? Na anaskia Kiarabu?"

Nthoki alicheka, akashangaa kujisikia akicheka. "Hata Kiswahili chenyewe hukichoka."

"Sasa mathe, mzee haoni, haskii hiyo lugha, unamnunulia nini?"

Swali lilikuwa la muuza duka anayetaka mteja asije kumlaumu baadaye, lakini lilimwingia Nthoki kama mwiba. Alisimama pale barabarani kati ya madishi mawili, akimwona mzee amekaa kwenye kiti chake, akiwasikiliza Waarabu wakibishana hadi siku ya kufa kwake. Akakasirika. Alimkasirikia Mutunga, na ukoo mzima uliokaa kikao, ukala, ukapanga, kisha ukarudi makwao na kumwachia yeye mzee. Halafu akafikiri kwa utulivu. Muoki alishatangazwa. Alitangazwa wiki ile ya msiba, akazikwa, yakaisha. Mtu hatangazwi mara mbili. Hatari iliyokuwa kwenye stesheni ile ilikuwa imeshapita, na kama kuna jina la jirani au rafiki litakaloweza kumshtua mzee, yeye Nthoki angekuwa hapo na rimoti.

"Nifungie hili dogo," akasema.

Jioni Mutunga alilikuta dishi limeshapandishwa juu ya paa, linatazama pengo lililobaki kati ya ghorofa mbili. Alilitambua hata kabla hajafungua geti. Aliingia jikoni moja kwa moja, akasimama nyuma ya mkewe, akaongea kwa sauti ya chini, ile sauti ya nyumba yenye mgonjwa.

"Nilisema nini asubuhi?"

"Msikilize kwanza," Nthoki akamjibu, bila kugeuka.

Sebuleni mzee Nzivo alikuwa anacheka. Kulikuwa na kipindi cha mtu na mkewe wanaozozania punda, Kikamba kitupu, na mzee alikuwa akiwajibu wote wawili kana kwamba wamekaa naye. Sahani iliyokuwa juu ya stuli yake ilikuwa tupu. Mutunga alisimama mlangoni kwa muda mrefu akimtazama. Aliporudi jikoni hakuwa tena na ugomvi.

"Matangazo yakianza unazima," alisema. "Niahidi."

"Nimekuahidi."

Na kweli alitimiza. Alijifunza ule wimbo wa maombolezo wanaoupiga kabla ya matangazo, akaujua kuanzia noti ya kwanza. Ukianza tu, hata awe na povu hadi viwiko, alikimbia sebuleni na kubadilisha stesheni. Mzee alimtania.

"Nthoki, kila wakifika kwa wafu wewe unanipeleka kwa katuni. Umri wangu huu, hao waliokufa ndio rafiki zangu. Nitajuaje nani amebaki?"

"Daktari amekataa, Baba."

"Daktari huyo ni mtoto. Hana rafiki aliyekufa."

Alikuwa akisema hivyo huku anatafuna, na kwa hilo Nthoki alimshukuru Mungu. Mashavu yalianza kurudi. Kliniki walimpima, yule muuguzi wa kugombeza akatabasamu, na tarehe ya upasuaji ikapatikana hatimaye. Ila Jumapili, baada ya ibada ya kwenye televisheni, mzee hakuacha kuuliza kama Kongo wameshaweka mtandao. Nthoki alijibu bado. Alianza kuzichukia Jumapili.

Kisha shangazi Mwongeli akafa huko Mwingi. Alikuwa dada yake mzee Nzivo, wa kumfuata, aliyekuwa kitandani muda mrefu hata watu walishazoea kuuliza habari zake kwa minong'ono. Mutunga na mkewe walikaa jikoni wakashauriana. Kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Muoki, Mutunga alionekana amechoka kweli.

"Hili tusimfiche," alisema. "Siwezi tena. Mwongeli alikuwa mzee, alikuwa mgonjwa, hata Baba amekuwa akiingoja habari hii. Tukimficha na hili, siku tutakapomwambia yote atatutazama vipi?"

Nthoki alikubali. Moyoni alifurahi, kwa sababu alitamani kusema jambo moja la kweli ndani ya nyumba ile.

Mutunga alimwambia baba yake akiwa amemshika mkono. Mzee alijifuta macho na upindo wa shati, akasema Mwongeli ameteseka vya kutosha. Moyo haukufanya vituko. Alilala, akaamka, akanywa chai. Kisha akaomba jambo moja tu.

"Kumzika siwezi kwenda, mtanikataza. Basi niacheni nimsikie akitangazwa. Dada yangu asisomwe mbele ya watu wote nami niko kwa katuni."

Nani angekataa ombi kama hilo? Mutunga hata alijisikia fahari. Kamati ya mazishi ya waliokuwa Nairobi ilikutana kwenye soko la Burma, wakala nyama choma, wakapanga magari na sanduku, na kazi ya kuandika tangazo akapewa yeye karani. Watu wa Ukambani wanajua uzito wa kazi hiyo. Tangazo la kifo ni ukoo mzima uliopangwa mstari, na ole wako ukisahau jina la mtu, atakununia mpaka na wewe utangazwe. Mutunga alirudi nyumbani akiwa amechangamka kidogo, ananukia moshi.

"Nimeliandika mwenyewe," alimwambia Nthoki. "Nimemweka Baba mbele kabisa. Ndugu, watoto, wajukuu, watoto wa ndugu. Sijaacha mtu hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Nthoki alimwambia amefanya vyema, akaenda kumchemshia mzee maji ya kuoga.

Siku ya tangazo mzee Nzivo aliomba koti lake. Alikaa kwenye kiti akiwa amevaa koti, kofia mapajani, kama mtu aliye kanisani. Habari za mchana zilipokwisha, ule wimbo ukaanza, na Nthoki, kwa mazoea, alijikuta ameshafika sebuleni akiwa na rimoti. Akacheka kwa haya, akaketi ukingoni mwa kochi.

Mtangazaji alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, isiyo na haraka na mtu. Alisoma wa Kitui, akasoma wa Makueni. Kisha akamfikia Mwongeli wa Mwingi. Akasema alikuwa dada yake mpendwa mzee Nzivo, aliyeko Nairobi, na mzee akainua kidevu. Akasoma watoto, akasoma wajukuu.

"Alikuwa shangazi yao Mutunga," alisema mtangazaji, kwa Kikamba kilichonyooka, "na marehemu Muoki."

Akaendelea na binamu.

Nthoki alikuwa na rimoti mkononi na kidole hakikumtii. Kingesaidia nini? Alimtazama mzee kifuani, pale kifungo cha koti kilipokuwa kinapanda na kushuka, na hakuona kingine chochote katika chumba kile. Kifungo kilipanda. Kilikaa juu muda mrefu mno. Kilishuka. Alijitupa chini mbele ya kile kiti, akashika magoti ya baba mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Baba," alisema. "Baba, mimi..."

Mkono wa mzee ulipapasa hewani hadi ukapata kichwa chake, ukakaa hapo.

"Nyamaza," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeinama kuokota kitu. "Si wewe wa kuniambia. Najua si wewe."

Nthoki alilia pale pale sakafuni, kwa sauti, bila bomba. Mzee hakulia. Alimwacha mpaka akamaliza, halafu akauliza dawa zake za mchana ziko wapi. Alizimeza zote na maji, akiwa mtiifu kama mtoto. Nthoki aliinuka akachukua simu ampigie Mutunga.

"Usimpigie," mzee alisema. "Hawa hurudia matangazo?"

"Hurudia, Baba. Jioni, baada ya habari."

"Basi nipe hiyo rimoti. Unionyeshe pa kuongeza sauti."

Alimwonyesha, kidole chake juu ya kidole cha mzee. Alasiri hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kukaa katika nyumba ile. Mara tatu alienda jikoni akarudi bila kufanya lolote. Alipika, hakujua amepika nini. Mzee hakuvua koti. Mara moja tu alifungua mdomo, akauliza, "Amezikwa wapi? Kwetu?" Kabla Nthoki hajajibu, akatikisa kichwa akasema aache, hilo nalo atamuuliza Mutunga mwenyewe. Televisheni iliendelea kuongea. Watu walichekeshana, wakauza mbolea, wakaimba, na mzee Nzivo aliwasikiliza wote bila kusogea.

Geti lilipolia, Nthoki alitoka hadi barazani. Alitaka kumwonya mumewe, lakini Mutunga alikuwa tayari amempita, akivua viatu, uso mchangamfu.

"Baba! Umemsikia shangazi? Wamesoma vizuri?"

"Wamesoma vizuri sana," mzee alisema. "Njoo ukae hapa. Karibu nami. Wanarudia sasa hivi."

Mutunga alivuta stuli, akaketi. Alimwona mkewe amesimama mlangoni na macho yaliyovimba, akadhani ni ya shangazi, akampa ishara kwamba pole. Wimbo ukaanza. Ile sauti nzito ikasoma wa Kitui, ikasoma wa Makueni, ikafika Mwingi. Mutunga aliinamisha kichwa na kuanza kukitikisa taratibu, jina kwa jina, midomo ikitangulia kidogo mbele ya mtangazaji, kwa sababu maneno yalikuwa yake na aliyajua kwa moyo. Mzee Nzivo, aliyeko Nairobi. Watoto. Wajukuu. Shangazi yao.

Kichwa kikasimama. Nthoki aliona mkono wa mumewe ukiruka kutafuta rimoti mezani, kisha kwenye kochi, kisha ukikuta imelala kwenye paja la baba yake, chini ya kiganja. Mzee alibonyeza. Sauti ikapanda, ikajaa nyumba, na mtangazaji akalisoma jina la Muoki jinsi alivyoandikiwa.

Ndipo mzee akaizima televisheni. Alimgeukia mwanawe kwa macho yake yasiyoona vizuri, akangoja.

"Huyu mtu wa televisheni ameniambia mara mbili," mzee alisema. "Sasa niambie wewe."